Manyoya ya paka: kwa nini yanageuka mkeka, na namna ya kuyarekebisha

Swali: Nilikuwa nachora kwa penseli, sasa nimehamia rangi za akriliki. Nimechora uso wa paka wangu, mwenye milia ya rangi ya chungwa na kifua cheupe, kwenye turubai la sentimita 30 kwa 40. Macho yamekaa vizuri kiasi, lakini manyoya yamegoma kabisa. Nimeyachora unyoya mmoja mmoja kwa brashi ndogo kuliko zote nilizonazo, siku nne nzima, na bado anaonekana kama amevaa mkeka. Sehemu nyeupe ndiyo mbaya zaidi, imekuwa kama chaki. Nifuate hatua zipi?

Jibu: Mkono wako hauna tatizo. Aliyeweza kukaa siku nne na brashi ndogo ana subira tele. Kilichokwenda kombo ni mpangilio: umeanza na kazi ya mwisho. Unyoya mmoja mmoja huja picha ikiwa imeshakaribia kukamilika, na hata hapo huwa ni mchache kuliko wengi wanavyodhani.

Mtazame paka wako akiwa ameketi hatua mbili tatu kutoka ulipo. Huoni unyoya. Unaona shavu lenye mwanga, shingo yenye kivuli, na vishungi vya manyoya vilivyoachana pale kichwa kinapogeuka. Unyoya wenyewe unaonekana mahali pachache tu: ukingoni mwa shavu, ndani ya sikio, pale nyeupe inapoingia kwenye chungwa, na pale mwanga unapopita kwa ubavu. Kwingine kote jicho linajazia lenyewe. Ukichora unyoya kila mahali kwa ukali uleule, unalinyang'anya jicho kazi yake, na mwili mzima unakuwa na msuko mmoja kuanzia pua hadi kifua. Huo ndio mkeka unaouona.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: umbo kwanza, kisha mwelekeo, kisha vishungi, na unyoya mwisho.

Picha unayoifuata

Anza kwa kuikagua picha ya kamera. Kama imepigwa kwa flashi, iache. Flashi humulika uso moja kwa moja na kufuta vivuli, na pasipo vivuli hakuna umbo la kuchora. Manyoya yatalala bapa hata ufanyeje. Tafuta picha yenye mwanga wa dirisha unaotoka upande mmoja. Simu iwe usawa wa macho ya paka, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, na picha uikate baadaye ibaki sehemu unayoitaka. Ukiisogeza simu hadi puani, pua inavimba na masikio yanasinyaa, kwa kuwa kilicho karibu na lenzi hukuzwa kuliko kilicho nyuma. Michoro mingi ya paka yenye sura ya ajabu imekosewa hapa, kabla hata tyubu ya rangi haijafunguliwa.

Chapisha nakala mbili za ukubwa sawa na mchoro wako, moja ya rangi na nyingine ya nyeusi na nyeupe. Hii ya pili ndiyo utakayoitazama zaidi mwanzoni. Rangi ya chungwa ni danganyifu: huonekana inang'aa hata mahali ambapo kwa kweli pana giza, na mchoraji huishia kuweka mwanga pasipohusika.

Turubai, brashi na rangi

Turubai la kawaida lina nyuzi zilizofumwa, na brashi nyembamba ikipita juu ya vinundu vyake mstari unakatikakatika. Lipake jeso, yaani rangi nyeupe ya kutayarishia turubai, tabaka tatu. Kila tabaka likikauka lisugue kwa msasa laini, namba 320 kisha 400, mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, uliopakwa jeso kwa namna hiyohiyo ni bora zaidi kwa kazi ya manyoya. Sentimita 30 kwa 40 zinatosha, mradi uso wa paka, kuanzia kidevu hadi ncha za masikio, uchukue sentimita 20 hadi 25. Ukiwa mdogo kuliko hapo utahitaji unyoya mwembamba kuliko ncha ya brashi yoyote.

Ile brashi ndogo kabisa iweke kando. Nyuzi zake ni fupi, hivyo hubeba tone dogo tu la rangi, na akriliki hukauka nchani kabla mstari haujaisha. Matokeo yake ni vijiti vifupi vyenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Unachohitaji ni brashi ya mistari namba 1 au 2 yenye nyuzi ndefu, za sentimita 2 hivi. Hubeba rangi nyingi na hata hivyo ncha yake inabaki nyembamba. Pamoja nayo tafuta brashi bapa ya upana wa sentimita 2, brashi bapa yenye ncha ya duara namba 8, na brashi ya kichana, yaani ile ambayo nyuzi zake zimegawanyika kama meno. Hizo nne zinatosha.

Kwa rangi, tazama namba ya chembe ya rangi iliyoandikwa kwenye tyubu, maana majina hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine. Paka wako anahitaji nyeupe ya titani (PW6), oka ya njano (PY43 au PY42), njano ya kati (PY74), siena iliyochomwa, amba iliyochomwa, ultramarini (PB29), na waridi ya kwinakridoni (PV19) kidogo kwa ajili ya pua na masikio. Siena na amba zote mbili mara nyingi huandikwa PBr7, kwa hiyo hapo zitofautishe kwa macho: siena ni nyekundu ya udongo wa tofali, amba ni kahawia ya giza.

Nyeusi ya tyubu usiitumie kwa paka huyu. Ikichanganywa na njano au chungwa inaelekea kijani cha matope, na kivuli cha paka wa rangi ya chungwa hakina kijani. Changanya amba na ultramarini. Ukizidisha amba unapata giza lenye joto, ukizidisha ultramarini unapata giza la ubaridi. Utavihitaji vyote viwili.

Jambo moja kuhusu akriliki yenyewe. Ikiwa mbichi ina weupe kidogo wa maziwa kwa sababu ya gundi iliyomo, na ikikauka weupe huo unatoweka na rangi inakuwa na giza zaidi kuliko ulivyoiona. Jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha jeso, usubiri dakika chache, ndipo uamue. Na unapotaka rangi iwe nyepesi ya kuonyesha kilicho chini, tumia kimiminika maalumu cha akriliki cha kupunguzia rangi. Maji mengi hudhoofisha gundi, na rangi hujikusanya vitone badala ya kutandaa.

Ramani ya mwelekeo

Hatua hii huchukua dakika ishirini, na ukiiruka utakuja kuilipia. Chukua ile nakala nyeusi na nyeupe, uchore juu yake mishale midogo kwa kalamu nyekundu, kila mshale ukionyesha manyoya yanakolala.

Katika uso wa paka kila kitu huanzia puani. Juu ya mfupa wa pua manyoya hupanda kuelekea kipajini. Kati ya macho hufunguka kama kipepeo cha mkono: ya katikati yanapanda wima, ya pembeni yanapinda kuelekea masikioni. Chini ya jicho yanashuka na kwenda nje, yakifika shavuni yanageukia nyuma na chini kuelekea shingoni. Kwenye mito miwili ya mdomo yanatoka puani kwenda pembeni. Kidevuni yanashuka, na kifuani yanaanguka kwa mawimbi yanayokutana katikati.

Urefu nao unabadilika, na hapa ndipo wengi hujisahau. Kwenye mchoro wa ukubwa wako, manyoya ya juu ya pua ni vidoa virefu vya milimita 2 au 3. Kipajini fika milimita 5 hadi 8, shavuni 15 hadi 20, kifuani 30 hadi 40. Ukichora ya puani kwa urefu wa ya shavuni, umempa paka ndevu za mbuzi. Tena, pale manyoya yanapokuelekea wewe mtazamaji, kama katikati ya kipaji cha paka anayekutazama, yanaonekana mafupi kuliko yalivyo, hivyo punguza tena.

Ramani hiyo inakupa na mahali pa kuanzia. Ncha ya unyoya ulio karibu na pua hulala juu ya shina la unyoya unaofuata nyuma yake. Basi fanya kama anayeezeka paa kwa nyasi, anayeanza safu ya chini kabisa na kupanda juu ili kila safu ifunike mashina ya iliyotangulia. Kwa paka, anza kifuani na shingoni, panda mashavuni, kisha kipajini, ukamalizie puani.

Tabaka za chini

Turubai lote lipake kwanza rangi nyembamba ya oka na amba, yenye mwanga wa kati. Juu ya jeso nyeupe tupu huwezi kupima nyeupe nyingine, na vitundu vyeupe vitachungulia kati ya manyoya hadi mwisho. Mandharinyuma nayo ipake sasa, kabla ya paka, na iwe na giza kiasi. Kifua cheupe mbele ya ukuta mweupe hakina pa kuonekana.

Kisha chukua brashi bapa uweke umbo la kichwa kwa viwango vitatu tu: giza, kati na mwanga hafifu. Kwa giza changanya amba sehemu 2, siena sehemu 2 na ultramarini sehemu 1. Kwa kati, siena na oka sawa kwa sawa. Kwa mwanga hafifu, ongeza oka na tone la njano kwenye ile ya kati. Kila kiwango kiwe na giza zaidi ya unavyokiona pichani, kwa sababu manyoya utakayoweka juu yatakuwa yanaongeza mwanga tu. Mipaka kati ya viwango ilainishe kwa brashi kavu kabla rangi haijakauka. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia ukiona inakukimbia.

Sasa rudi nyuma mita mbili na ufumbe macho nusu. Unapaswa kuona paka aliyepigwa picha isiyo makini: hana unyoya hata mmoja, lakini ni yeye. Kama bado si yeye, manyoya hayatamwokoa. Rekebisha hapohapo, maana baadaye kila kosa la umbo litakuwa limefunikwa na saa kadhaa za kazi ambazo hutataka kuzifuta.

Ukiridhika, ingia kwenye brashi ya kichana. Rangi iwe laini kama krimu ya maziwa. Chovya, futa kidogo kwenye kitambaa mpaka meno yafunguke, jaribu kwenye karatasi, ndipo uguse turubai. Ubaya wa brashi hii ni kwamba huacha mistari iliyopangana kama shamba lililolimwa kwa trekta. Dawa yake ni kuelekeza kila pigo tofauti kidogo na lililotangulia, kiasi cha kukatiza kwa pembe ndogo, na kubadili urefu.

Tabaka hilo likikauka, lifunike kwa utando, yaani rangi nyembamba inayoonyesha kilicho chini: siena sehemu 1, kimiminika cha kupunguzia sehemu 8, kwa brashi laini. Kwenye vivuli tumia amba na ultramarini badala ya siena. Manyoya uliyoyachora yatazama kidogo, na moyo utakushtuka, lakini ndivyo inavyotakiwa. Kausha, kisha chora manyoya mengine juu, yenye mwanga zaidi na machache zaidi kuliko ya kwanza. Funika tena, chora tena. Kumpaka paka rangi ni kurudia hivyo mara tatu hivi. Kina cha manyoya hutokana na ya juu kung'aa huku ya chini yamefifia, jambo ambalo siku nne za unyoya wa tabaka moja haziwezi kuleta.

Kishungi kimoja kwa karibu

Kabla ya kurudi kwenye picha, jizoeze kishungi kimoja kwenye kipande cha ubao cha sentimita 10. Ukikielewa hiki, kilichobaki ni kurudia.

Weka giza la chini na likauke. Kwa brashi yenye ncha ya duara na rangi ya kati, chora umbo linalofanana na jani refu: shina nene, mwisho umegawanyika ncha tatu hadi tano zisizolingana. Usichore mistari bado, hili ni umbo moja lililojaa. Karibu yake weka jingine, lakini lisilale sambamba. Mashina yakaribiane, ncha ziachane, au kinyume chake. Kati yao pabaki pembetatu nyembamba ya giza. Hiyo pembetatu ya giza ndiyo inayomfanya mtazamaji aone manyoya, kuliko mistari yote utakayoongeza. Chora cha tatu kikipanda juu ya ncha ya kimojawapo.

Sasa brashi ya mistari. Ongeza maji matone machache mpaka rangi itiririke kama wino mzito, na uiviringishe brashi kwenye rangi ili ncha ibaki kali. Kila kishungi kina mgongo, pale kinapopinda. Mwanga hukaa mgongoni. Weka hapo mistari mitano hadi saba ya urefu tofauti, isifike shinani wala nchani. Wanaoanza huweka mwanga kwenye ncha, na manyoya yanageuka miiba ya nungunungu.

Kisha rudi kwenye giza. Kwa utando mzito wa amba na ultramarini, zidisha kivuli pale ncha ya kishungi cha juu inapolala juu ya cha chini. Mistari miwili mitatu tu. Mwisho, chora unyoya mmoja au miwili iliyoasi, inayokatiza kishungi kwa upande. Ikizidi hapo, paka anaonekana hajajilamba wiki nzima.

Kuhusu pigo lenyewe: shika brashi nyuma, mbali na nyuzi, na mwendo utoke kwenye kiwiko, vidole vitulie. Gandamiza kidogo shinani, punguza uzito ukiendelea, na brashi iache turubai ikiwa bado inakwenda, kama ndege inavyoacha ardhi ikiwa bado inakimbia. Ukisimama kwanza ndipo uinue, utapata kitone mwishoni. Geuza turubai wakati wowote, hata kichwa chini, ili kila pigo liende upande ambao mkono wako unaupenda. Na pigo likiharibika usilifuatie kulirekebisha. Liache likauke, ulifunike na lingine.

Milia na sehemu nyeupe

Mlia wa paka haujapakwa juu ya manyoya kama mstari wa barabara. Ni mkusanyiko wa manyoya yenye giza, kwa hiyo ukingo wake una meno: manyoya ya mwanga yanaingia ndani ya mlia, ya giza yanachomoza nje, yote yakifuata ramani ya mwelekeo hata kama mlia wenyewe unaelekea kwingine. Tazama ile alama kama herufi M kipajini: miguu yake inapanda sambamba na manyoya, ila sehemu inayokatiza juu ya jicho inapita kwa upande, na hapo lazima uichore kwa vipigo vifupi vinavyokatiza mlia. Rangi ya milia ya paka wako ni siena na amba, hatua moja au mbili tu chini ya rangi ya jirani. Hata paka wa chungwa anayeonekana hana milia huwa nayo kwa mbali, kwa hiyo usiogope kuiacha hafifu mahali fulani mpaka ipotee.

Chaki yako imetokana na kutumia nyeupe tupu mapema mno. Ukishaweka nyeupe ya titani kifua kizima, hakuna tena rangi yenye mwanga zaidi ya kuinulia vishungi, ndipo kinabaki bapa. Hesabu viwango kuanzia 1, giza kabisa, hadi 10, nyeupe tupu. Kivuli cha kifua kiwe 5 au 6: nyeupe, ultramarini na amba kidogo, kijivu chenye ubuluu. Sehemu kubwa ya kifua iwe 7 na 8. Upande wa mwanga ongeza tone la oka kwenye nyeupe ili ipate joto, ufike 9. Nyeupe tupu ibaki kwa vipigo vichache, labda kumi na tano kifua kizima, juu ya migongo ya vishungi vilivyo karibu zaidi na dirisha. Chini ya kidevu, ambapo rangi ya chungwa inaakisiwa, weka kijivu chenye siena kidogo; hapo ndipo kifua kinapojiunga na paka badala ya kuonekana kimebandikwa.

Nyeupe ya titani pia huua chungwa. Ukitaka kuongeza mwanga kwenye manyoya ya chungwa, anza na njano ya kati, kisha nyeupe kidogo. Ukianza na nyeupe utapata waridi iliyopauka, rangi ya bandeji.

Ukingo wa nje wa kichwa unastahili muda wake. Vuta manyoya ya shavu yaingie kwenye mandharinyuma, kisha chukua rangi ya mandharinyuma uivute iingie kwenye manyoya. Fanya hivi kwa zamu. Upande wa kivuli acha ukingo ufifie kabisa kwa sehemu fulani. Ukingo unaoonekana kila mahali humfanya paka awe kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Macho, masikio, pua, masharubu

Macho unasema yamekaa, kwa hiyo nakupa ya kukagua tu. Ukope wa juu huangusha kivuli kwenye tufe la jicho, hivyo sehemu ya juu ya duara lenye rangi iwe na giza kuliko ya chini. Nuru ndogo nyeupe ikae upande wa dirisha, mahali palepale kwenye macho yote mawili, na upande ulio mkabala nayo duara ling'ae kidogo, maana mwanga hupita ndani na kutokea huko. Ukingo wa mboni ulainike, na mboni zote mbili ziwe na upana mmoja. Weupe wa jicho kama wa binadamu usionekane kabisa. Kona ya ndani ina ncha ya giza inayoshuka kuelekea puani; ukiisahau, paka anapata sura ya mwanasesere.

Sikio ni jembamba, na mwanga ukitoka nyuma hulipenya. Weka waridi na oka kwa utando mwembamba upande huo. Manyoya marefu huanzia ukingo wa ndani na kukatiza lile shimo la giza, na hapa ndipo unaweza kujiachia na brashi ya mistari, kwa sababu yanaonekana kweli. Kwenye ukingo wa nje, chini, kuna mkunjo mdogo wa ngozi kama mfuko; uweke, hata kwa vipigo viwili, na sikio litaacha kuwa pembetatu.

Pua haina manyoya. Gusagusa kwa ncha ya brashi vidoa vya waridi, oka na siena, na nuru yake iwe kijivu cha ubuluu kwa kuwa ina unyevu.

Masharubu yaje mwisho kabisa. Paka ana kama 12 kila upande, katika safu nne, lakini chora 6 hadi 8 tu kila upande, na machache juu ya macho. Kila moja linaanzia kwenye kidoa cha giza kwenye mto wa mdomo, nene shinani, likipinda polepole hadi kuisha. Fanya mazoezi ya mistari ishirini kwenye karatasi kwanza, na uchore bila kusita. Anayekwenda polepole ndiye anayetetemeka. Likiharibika lifute papo hapo kwa pamba yenye unyevu. Tabaka la chini limekauka, halitaathirika. Pale sharubu linapopita mbele ya kifua cheupe, ligeuze kijivu, la sivyo litapotea.

Kama siku moja utahamia rangi za mafuta, mpangilio ni huuhuu, ila kila tabaka litahitaji siku kadhaa kukauka, na kila la juu liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake, ama sivyo litapasuka.

Turubai ulilonalo

Usilitupe. Hizo siku nne zimekupa tabaka la chini lenye msuko, na linaweza kufaa. Sugua kwa msasa namba 400 wenye unyevu, taratibu, kuondoa vinundu vya rangi. Changanya amba na ultramarini kwa kimiminika cha kupunguzia, sehemu 1 kwa 6, ufunike paka mzima isipokuwa macho. Likikauka, pitisha utando wa pili kwenye vivuli tu: chini ya kidevu, ndani ya masikio, upande wa shavu ulio mbali na dirisha. Hapo umbo litaanza kurudi. Halafu weka vishungi vya kati kwa brashi yenye ncha ya duara kama vile ulivyofanya mazoezi, kuanzia kifuani kwenda juu, na yale manyoya ya zamani uyaache yachungulie katikati yao. Ukimaliza, acha likauke wiki mbili kabla ya kupaka vanishi.